Maziwa Hayakutani na Maharagwe

Nianze kwa kukiri kwamba nina hasira za karibu. Wazazi wa mtaa wa Nyakasanza wanalijua hilo, watoto wanalijua, hata direkta wetu Anaclet hugonga mlango wa darasa langu kabla ya kuingia, ingawa shule ni yake. Jina langu ni Musoki. Nilizaliwa Butembo, nikaja Bunia na marehemu mume wangu aliyekuwa akiuza vitenge, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili nafundisha watoto wa mwaka wa tano. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari.

Kila Ijumaa, vipindi viwili vya mwisho vilikuwa vya kazi za mikono. Wasichana walishona maua kwenye vitambaa, wavulana walisuka mifagio. Mifagio tuliyokuwa nayo ingetosha kufagia mji mzima na bado ikabaki, na maua yale hakuna mama aliyeyatandika popote. Nikamwendea direkta nikamwambia kwamba nataka vipindi hivyo viwili viwe vya kupika, wasichana kwa wavulana, sufuria moja, kisu kimoja. Aliniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba watoto wetu hawajui kula. Wakati wa mapumziko wanakimbilia mandazi na vile vipakiti vya maji mekundu ya sukari, halafu saa tano wanasinzia kwenye madawati kama kuku wagonjwa, na mimi nabaki naubembeleza ubao.

Anaclet si mtu mbaya, ila ni mwoga wa kamati ya wazazi. Akasema lazima rais wa kamati akubali. Rais mwenyewe ni Mzee Nicolas wa Mbunya, mfugaji, mtu mrefu mwembamba asiyependa maneno mengi. Wazee wengine wakishika simu wanakuonyesha picha za wajukuu. Yeye atakuonyesha ng'ombe wake, mmoja mmoja kwa jina, tisa waliobaki baada ya miaka ile mibaya ya vita. Mjukuu wake Ornella yuko darasani kwangu, na picha yake kwenye simu ile sijawahi kuiona. Mzee alitujibu kwa kifupi kwamba tujaribu mpaka Pasaka, kisha atakuja kuona kwa macho yake mwenyewe na kusema ndiyo au hapana. Akisema hapana, tunarudi kwenye mifagio.

Nililitaka somo lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote pale shuleni. Sioni haya kusema hivyo.

Basi tukaanza. Nilileta mbabula mbili za makaa na sufuria kubwa kutoka nyumbani kwangu. Ubaoni nilichora miduara mitatu ya chaki: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kuulinda. Kila mtoto alileta alichokipata kwao: huyu kiganja cha maharagwe, yule fungu la majani ya lengalenga, mwingine parachichi, mwingine muhogo ambao shangazi yake alileta kutoka Aveba. Waliosahau kuleta kitu niliwatuma maji. Walikuwa wengi waliosahau, karibu kila juma wale wale, nami niliwakaripia kwa usahaulifu wao. Débora ndiye aliyekuwa bingwa. Msichana mpole, mwandiko safi, na kila Ijumaa ndoo kichwani.

Tulicheka sana katika miezi ile. Osée, mtoto wa pasta, alikabidhiwa sala ya chakula, akaomba kwa ajili ya kuni, kwa ajili ya moto, kwa ajili ya wasafiri wote wa barabara ya Komanda, mpaka sufuria ikaanza kunuka kuungua, nikamkatia amina mimi mwenyewe. Niliwafundisha kwamba majani hayachemshwi mpaka yakasahau rangi yao. Niliwafundisha kwamba kube moja ya mchuzi inatosha sufuria nzima. Somo hilo liliingia kuliko nilivyotarajia, maana Jumatatu moja mama yake Chris alinifuata hadi mlangoni akiwa amejifunga kitenge kama mtu anayekwenda vitani.

"Madame, mutoto wangu ananiambia eti kube ine ni mingi," alisema. "Sasa yeye njo amekuwa bwana yangu?"

Nilimwambia kwamba Chris anasema kweli. Hakupenda, lakini nasikia siku hizi anatia mbili.

Ushindi wangu mkubwa, kama nilivyouita wakati ule, ulikuwa juu ya mandazi. Mama Viviane alikuwa akikaa mbele ya geti na karai lake la mafuta tangu kabla sijaanza kazi pale. Nilimshika direkta masikio mpaka akamwomba mama huyo asogee mbali, kule njia panda. Kisha nikaweka sheria darasani: atakayeonekana na andazi atasimama mbele ya wenzake aeleze liko katika mduara gani. Wawili walisimama, wakachekwa hadi machozi. Baada ya majuma mawili hakuna aliyekuja na andazi tena. Nilijisifu kwa kila mwalimu aliyekuwa tayari kunisikiliza, na kwa wawili ambao hawakuwa tayari.

Hatimaye ikafika Ijumaa ya Mzee Nicolas. Asubuhi Ornella alikuja na bidon ya maziwa, lita kumi nzima, akisema babu anasalimu, watoto wakunywe. Moyo wangu uliruka. Mtu aliyekusudia kusema hapana hatumi lita kumi za maziwa. Nikaona pia mahali pa kuonyesha ufundi wangu. Zamani, katika semina fulani, nilionja lengalenga zilizopikwa kwa maziwa na karanga za kusaga, laini, tamu, mtoto asiyependa majani anazimaliza na kuramba sahani. Nikasema leo mzee atakula maziwa yake asiyajue.

Nilipoinua bidon kuelekea kwenye sufuria, Ornella alisogea akanigusa kiwiko.

"Madame, kwetu hatuchanganyake maziwa na boga," alisema taratibu, akionyesha majani ya lengalenga. "Na maragi pia hapana. Babu ata..."

Sikumwacha amalize. Nilikuwa na mioto miwili, watoto arobaini na mmoja na mgeni njiani. Nilimwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, anyamaze, arudi kuchambua maharagwe. Akarudi kuchambua maharagwe.

Mzee alifika saa tano kamili. Aliangalia kila kitu: mikono iliyonawa, kucha zilizokatwa, miduara ubaoni. Alimuuliza Chris mduara wa kwanza unasema nini, Chris akamjibu bila kigugumizi. Tukampa kiti, tukampa sahani yake: bugali, maharagwe, na lengalenga zangu. Alikula kama mtu mwenye njaa halali. Aliomba aongezewe lengalenga. Direkta Anaclet alinitazama akatabasamu, jambo linalotokea mara moja kwa mwaka.

"Hizi boga mulitia nini?" aliuliza mzee.

"Muzee, ni maziwa yako," nilisema, na sauti yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kujivuna.

Kijiko kilisimama njiani. Alitazama lengalenga, akatazama maharagwe kando yake, akatua sahani chini polepole. Aliomba maji. Alisukutua kinywa mara tatu nje ya mlango, watoto wote wakimtazama. Kisha akanirudia.

"Madame, ngombe zangu zilikukosea nini?"

Hakungoja jibu. Alivaa kofia yake akaondoka, Ornella akaanza kulia juu ya sahani. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa yakishaingia katika lengalenga hayachujiki. Kabla ya kengele ya saa sita direkta alikwisha nijulisha kwamba Ijumaa ijayo ni mifagio, isipokuwa mzee mwenyewe aseme vingine.

Ijumaa ile na Jumamosi yake nilizimaliza kwa hasira. Nilibishana na mbabula yangu nyumbani. Ng'ombe aliyelala malishoni atajuaje kwamba maziwa yake yamekutana na jani fulani Nyakasanza? Nani amemwambia, redio? Jumapili kanisani mahubiri yalikuwa juu ya unyenyekevu, nikaona pasta ananionea.

Jumatatu Ornella alikaa dawatini kichwa chini. Wakati wa mapumziko nilimbakiza, nikamuuliza, tena kwa ukali, kwa nini hakunieleza jambo kubwa kama lile.

"Nilikuambia, madame," alisema. "Ulisema ninyamaze."

Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika ubaoni kwamba kuuliza si ujinga, na mtoto wa miaka kumi alipokuja kunieleza bila hata kuulizwa, nilimrudisha kwenye maharagwe. Nilimwomba msamaha pale pale. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyeona mbuzi akipanda ngazi, kisha akasema nimwombe na babu.

Alasiri ile tulikwenda pamoja Mbunya kwa miguu. Mzee Nicolas alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinitolea kiti, akamwita mkewe, Mama Godelive, ambaye alileta kibuyu cha maziwa na kikombe cha mti kilichosuguliwa mpaka kinang'aa. Nilianza hotuba yangu ya msamaha niliyoipanga njiani kote. Mzee aliinua mkono. Kwake mgeni anakunywa kwanza, maneno yanafuata. Mama Godelive alikwisha mimina, kikombe kiko hatua moja kutoka mkononi mwangu, mzee akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Leo ulikula nini?"

Mimi ni mtu wa Butembo. Kwetu siku bila maharagwe ni siku ya msiba. Saa saba ile nilikuwa nimekula sahani nzima, na nikaongeza. Nilijua sasa jibu gani linatakiwa. Kusema chai na mkate kulikuwa kwepesi kama kumeza mate, hakuna ambaye angejua, ningekunywa, ningesamehewa, na somo langu lingepona. Ornella alikuwa amesimama kando ya kiti cha babu yake akinitazama mdomo.

"Nilikula maragi, muzee," nilisema.

Mama Godelive alikirudisha kikombe kifuani pake. Mzee akatikisa kichwa taratibu, na nadhani, ingawa sina hakika, alikuwa akizuia kicheko.

"Basi rudia hapa kesho," alisema. "Maneno yako tutaisikia kesho. Maziwa na maragi haikutane mu tumbo moja."

Kesho yake sikula kitu. Ningeweza kunywa chai, lakini nilikwisha kuwa na hofu ya kila kitu, hata sukari. Nilifundisha tangu saa moja na nusu hadi saa sita na tumbo linanguruma kama pikipiki mbovu, na watoto ndio waliolipa. Osée alinakili kitenzi mara hamsini kwa sababu ya kupiga chafya. Kufikia saa nne herufi zilikuwa zinanichezea ubaoni, nikakaa. Wala sikujiuliza lolote juu ya hilo wakati ule. Niliona tu kwamba njaa ni kitu kibaya na kwamba mzee huyu ni mgumu.

Nilipofika Mbunya aliuliza swali lile lile, nikajibu kwamba sijaonja hata chumvi. Ndipo nikapewa kikombe. Maziwa yalikuwa ya vuguvugu, yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na yaliteremka ndani yangu mpaka nikayasikia magotini. Mzee alingoja nikamaliza. Kisha akanieleza, bila kunikaripia. Kwao maziwa hayapikwi na majani, hayaliwi siku moja na maharagwe, kwa sababu ng'ombe amekupa kitu kamili na wewe unakichanganya kana kwamba hakitoshi. Baba yake alisema ng'ombe aliyedharauliwa hivyo chuchu zake hukauka. Yeye mwenyewe amesoma, aliniambia, na daktari wa mifugo alimweleza mengine. Lakini kati ya ng'ombe wengi amebakiwa na tisa, na hataki kuwa yeye aliyewakosea hao tisa. Nilimwelewa. Niliomba msamaha kwa maneno machache, hotuba nikaiacha.

Kuhusu somo hakusema ndiyo wala hapana. Alisema Ijumaa ataleta maziwa mwenyewe. Mimi nisipike kitu. Baada ya hapo atatoa neno lake.

Ijumaa alikuja na bidon mbili juu ya pikipiki ya kukodi, Mama Godelive nyuma kwenye pikipiki nyingine na kapu la vikombe. Mzee alinieleza, akiangalia pembeni, kwamba maziwa yamechemshwa, kwa sababu Ornella alimwambia vinginevyo madame atayakataa. Nilifurahi kimoyomoyo. Direkta Anaclet alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, akisubiri kuona upepo unaelekea wapi.

Mzee aliwaeleza watoto sheria yake. Maziwa yanaingia peke yake. Aliyekula leo maharagwe, au majani, au samaki, leo hanywi, atakunywa siku nyingine, na hakuna aibu. Kila mmoja atapita mbele aseme alichokula, na aseme kweli. Watoto wakajipanga.

Ornella alisema chai na mkate, akapewa kikombe. Chris alisema sombe ya majani ya muhogo iliyolala, na samaki, akawekwa kando, akalaumu sombe ile kwa sauti ndefu. Kisha akaja Osée. Alisema hakula kitu. Akapewa kikombe. Aliyemfuata akasema hakula kitu. Aliyefuata, viazi. Aliyefuata, hakula kitu. Alipofika wa sita mwenye jibu hilo nilisikia damu inanipanda. Niliona wazi wanachofanya: wamegundua jibu linalotoa kikombe kamili, na wananidanganyia mzee mbele ya macho yangu, siku ya hukumu ya somo langu. Aliyekuwa mbele sasa ni Débora.

"Sikukula kitu," alisema Débora.

Nikaruka. Nilimwambia asinitie aibu, kwamba ndoo kila Ijumaa nimevumilia lakini uongo sitavumilia, kwamba msichana mkubwa hawezi kuja shuleni... na hapo Mzee Nicolas aliinua mkono ule ule aliouinua kwake.

"Madame, acha mutoto aseme," alisema. Kisha akainama. "Jana ulikula nini, mama?"

"Bugali. Mangaribi."

"Na asubuhi, siku zote?"

Débora alinitazama kwanza mimi. Alikuwa akinionea huruma, na hilo ndilo sitalisahau.

"Zamani nilikuwa ninakulaka mandazi moja ya mama Viviane," alisema. "Madame alikataza. Sasa ninangojaka mangaribi."

Hakuna aliyecheka. Nilitazama mstari uliobaki nyuma yake, na ghafla nikawajua mmoja mmoja: wachota maji wangu wote wa Ijumaa, wasahaulifu wangu, walewale waliokuwa wakisinzia saa tano. Nilikuwa nimewafundisha kuchagua chakula, na sikuwahi kuwauliza kama kipo. Juzi tu mimi mtu mzima nilikaa siku moja bila kula, nikashindwa kuona ubao, nikamwadhibu mtoto kwa chafya. Na mtoto huyo ni Osée, ambaye leo amesema hakula kitu, na pengine na siku ile pia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kukaa, lakini watoto walikuwa wamesimama, basi na mimi nikasimama.

Mzee aliendelea na swali lake hadi mtoto wa mwisho. Kumi na sita hawakuwa wamekula kitu. Hakuwahesabu kwa sauti, ila nilimwona akikunja vidole, na vidole vya mkono wa kwanza vilipokwisha sura yake ilibadilika. Alikuja na swali la kulinda ng'ombe wake, na jibu alilolipata lilikuwa la kitu kingine kabisa. Aliwajazia wale kumi na sita mara ya pili. Bidon ya mwisho ilipokwisha aliitikisa, akaifunga kifuniko, akakaa kwenye kiti changu bila kuniomba.

"Hii somo yako inaanzaka saa ngapi?" aliniuliza.

Nilimwambia Ijumaa, saa nne na nusu.

"Hapana," alisema, nami nikahisi somo langu limekufa. "Inachelewa. Ianze saa moja, mbele ya hesabu. Na isikuwe Ijumaa tu."

Direkta aliingia mwili mzima darasani akaanza kueleza juu ya ratiba, na inspekta, na makaa yatatoka wapi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akamjibu kwamba kamati itakutana kesho na kila mzazi mwenye shamba ataulizwa ana nini, na yeye ataanza na maziwa ya Ijumaa. Hizo siku nyingine, alisema akinigeukia, nipike ninavyojua, na nitie ndani ya lengalenga chochote ninachotaka ila kile ninachokijua. Hapo alitabasamu waziwazi. Sikumrudishia tabasamu, nilianza kukusanya vikombe, lakini nilifurahi, nilifurahi sana.

Jioni ya kesho yake, kamati ilipokwisha kukutana, nilikwenda njia panda kwa Mama Viviane. Nilimwomba msamaha, wa tatu kwa juma moja, rekodi yangu ya maisha. Alinisikiliza huku akigeuza mandazi, akasema amekwisha kuzoea kule na wateja wapo. Nikamwomba arudi si kwa ajili ya mandazi tu. Nilikuwa na sufuria kubwa na unga wa soya na mahindi ulioahidiwa na wazazi wenye mashamba, lakini saa kumi na mbili asubuhi, wakati moto unapaswa kuwashwa, mimi bado nabishana na mto wangu. Yeye saa hiyo tayari ana makaa yanayowaka. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama bado andazi halina mduara. Nikamwambia mduara nitachora mimi.

Jumatatu saa moja nilisimama mlangoni kabla ya kuita majina. Nyuma yangu, chini ya dirisha, Mama Viviane alikuwa anakoroga uji, na Chris amekwisha kumshauri juu ya sukari. Nilimuuliza kila aliyeingia kile ambacho ningepaswa kuuliza miaka ishirini na miwili iliyopita. Ornella alikula mkate. Osée alikula nusu ya kiazi na nusu akamwachia mdogo wake. Débora alikuja bila ndoo.

"Hapana kitu, madame," alisema kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia, akanipita haraka kwenda kuchukua kikombe chake.